Kihindi, Kimarathi na pesa tatu za Hamid

Tarehe 16 Aprili 2025 serikali ya jimbo la Maharashtra, India, ilitoa agizo kwamba watoto wa darasa la kwanza hadi la tano katika shule zinazofundisha kwa Kimarathi, lugha ya jimbo hilo, na kwa Kiingereza wasome Kihindi kama lugha ya tatu, tena kwa lazima. Tarehe 29 Juni agizo hilo likafutwa. Katikati hapo waandishi, walimu, wazazi na vyama vya siasa walikuwa wamekuja juu, na siku zilezile mwenye duka la vitafunio huko Mira Road, pembezoni mwa Mumbai, akazabwa vibao mbele ya kamera katika mabishano juu ya Kimarathi. Tarehe 5 Julai Uddhav na Raj Thackeray, binamu waliokuwa mahasimu wa kisiasa kwa karibu miaka 20, wakapanda jukwaa moja kusherehekea kufutwa huko. Habari hizi zimesomwa kila mahali kama vita ya Kihindi na Kimarathi. Mimi naona zimesomwa vibaya. Pande zote mbili zilibishana kuhusu lugha ipi ifundishwe na kuanzia darasa la ngapi, na sikusikia sauti kubwa ikiuliza mtoto atasoma nini ndani ya kipindi hicho. Hoja yangu ni kwamba lugha za Asia Kusini hazifundishiki sawasawa bila fasihi, kuanzia somo la kwanza kabisa, na kwamba chuki dhidi ya lugha ya tatu inatokana kwa sehemu kubwa na ufundishaji uliokwisha kuondoa kila kitu kinachomfanya mtu aitamani lugha ya jirani yake.

Ugomvi wenyewe si mpya. Katiba ya India inazitaja lugha 22 katika jedwali lake la nane. Sera ya lugha tatu ilipitishwa mwaka 1968: mtoto asome lugha ya jimbo lake, Kiingereza na lugha nyingine ya India, ambayo kwa majimbo yasiyozungumza Kihindi ilikusudiwa kuwa Kihindi. Tamil Nadu ilikataa mwaka huohuo na mpaka leo inafundisha mbili tu, Kitamil na Kiingereza, kwa kumbukumbu ya maandamano ya 1937 na ya 1965 ambamo watu walipoteza maisha. Sera mpya ya elimu ya 2020 ililegeza masharti na kusema hakuna jimbo litakalolazimishwa lugha, ila ikaibakiza idadi ileile ya lugha tatu, na kidonda kikafunguka tena. Machi 2025 serikali ya Tamil Nadu ilifika hatua ya kuiondoa alama ya rupia kwenye nembo ya bajeti yake na kuweka herufi ya Kitamil. Ukizifuata kauli za viongozi tangu 1968 utaona wanahesabu: lugha ngapi, vipindi vingapi, alama ngapi. Hesabu ni rahisi kuipigia kura, na ndiyo maana wanasiasa wanaipenda.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba nathari ya kisasa ya lugha hizi ilizaliwa darasani. Mwaka 1800 Waingereza walianzisha chuo cha Fort William mjini Calcutta kuwafundisha lugha vijana wa Kampuni ya India Mashariki waliotoka Uingereza kuja kutawala. Walimu wakagundua kuwa hawana vitabu vya kusomesha. Mashairi yalikuwepo, tena ya hali ya juu, lakini nathari nyepesi ya mazungumzo ilikuwa haba. Wakawaajiri waandishi wa India waitunge. Mir Amman akaandika Bagh-o-Bahar, kisa cha madarweshi wanne, kwa Kiurdu cha Delhi kinachosomeka hadi leo kama mtu anayekusimulia barazani. Lallu Lal akaandika Prem Sagar kwa hati ya Devanagari, ile inayotumiwa kuandikia Kihindi, akiyakwepa kwa makusudi maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo njia za Kiurdu na Kihindi zilipoanza kuachana. Mkoloni alikuwa na nia yake mbaya, hilo halina ubishi. Lakini hata yeye, ambaye alihitaji lugha kwa kazi kavu ya kukusanya kodi na kuhukumu kesi, aliona kwamba huwezi kumfundisha mtu kwa orodha ya maneno, lazima umpe hadithi.

Kwa nini lugha hizi hasa? Kwa sababu ndani yake heshima imeingia kwenye sarufi yenyewe. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaiweka heshima kwenye shikamoo, kwenye mama na mzee na bwana, na kwenye sauti. Nafsi ya pili inabaki "wewe" kwa mtoto na kwa babu. Kihindi kina tu, tum na aap, na kitenzi kinabadilika pamoja nazo. Kumwambia mtu "nenda" unachagua kati ya tu ja, tum jao na aap jaiye, na hakuna njia ya kukwepa uchaguzi huo. Kitabu cha sarufi kitakupa jedwali: tu kwa mtoto, kwa mpenzi na kwa Mungu, tum kwa rafiki, aap kwa mkubwa. Jedwali hilo ni sahihi na halitoshi. Omprakash Valmiki, katika Joothan, masimulizi ya maisha yake yaliyotoka mwaka 1997, anaeleza jinsi watu wa jamii yake, waliohesabiwa kuwa wasioguswa, walivyokuwa hawaitwi kwa majina yao kijijini. Mkubwa wa umri aliitwa "Oe" na jina la tabaka lake, na mdogo "Abe" na jina hilohilo. Kurasa chache mbele mwalimu mkuu anamtoa darasani na kumpa ufagio afagie shule nzima na uwanja wake, siku baada ya siku, mpaka baba yake anapopita njiani, anamwona, na kupaza sauti kumuuliza mwalimu huyo ni nani. Mwanafunzi aliyezisoma kurasa hizo hatalisahau jedwali la tu, tum na aap, kwa sababu sasa anajua kila safu inamuuma nani.

Wale wanaotaka fasihi ipunguzwe wana hoja nzuri na wana hoja dhaifu. Niianze dhaifu, kwa kuwa ndiyo inayorudiwa sana: kwamba fasihi ni ngumu mno kwa anayeanza, kwamba mwanafunzi ajifunze kwanza kusalimia, kuulizia bei na kuagiza chai, halafu akifika mbali apewe hadithi kama zawadi. Anayesema hivi hakuwahi kufungua kitabu cha alfabeti cha Kibengali. Mwaka 1930 Rabindranath Tagore, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel tangu 1913, alichapisha Sahaj Path kwa ajili ya watoto wasiojua herufi hata moja, na Nandalal Bose, mmoja wa wachoraji wakubwa wa zama hizo, akakitilia picha. Irabu mbili za mwanzo zinaingia ndani ya ubeti: mtoto mdogo anasema "o, aa" kwa kuwa bado hajajifunza kuongea. Hapo mtoto anayesoma anajiona yeye mwenyewe, anacheka, na herufi zimekwisha ingia kichwani pamoja na vina. Au chukua Kitamil. Tirukkural, kitabu mashuhuri cha maadili, kina beti 1,330, na kila ubeti una maneno saba tu, manne mstari wa kwanza na matatu wa pili. Lugha yake ni ya kale, na mtoto anahitaji mtu wa kumfafanulia, lakini maneno saba hayajamzidi nguvu mtoto yeyote wa Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, na ubeti wenyewe atakutana nao tena umebandikwa ndani ya basi.

Na hilo la kuulizia bei? Hapa naomba nikae kidogo. Premchand, aliyezaliwa mwaka 1880 karibu na Banaras, aliyeanza kuandika kwa Kiurdu kisha akahamia Kihindi, ana hadithi iitwayo Idgah. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa kichwa cha habari. Ni uwanja wa kuswalia Idi. Hamid ni yatima wa miaka minne au mitano, analelewa na bibi yake Amina, na asubuhi ya Idi anakwenda maonyeshoni na wenzake akiwa na paise tatu. Paise ndiyo pesa yetu. Neno lilivuka bahari na wafanyabiashara likabaki kwenye ndimi zetu, kwa hiyo tuseme tu ana pesa tatu. Wenzake wana kumi na mbili, wana kumi na tano. Wananunua askari wa udongo, mbeba maji wa udongo, na wakili wa udongo, naye wakili huyo kwa Kihindi anaitwa vakil. Wanakula peremende mbele yake. Hamid anasimama kwenye duka la vyuma na kuona koleo la kugeuzia chapati, chimta, na anakumbuka kwamba bibi yake huungua vidole kila anapozitoa chapati kwenye kikaango. Anauliza bei. Muuzaji anamwangalia mtoto na kumwambia hicho si kitu chake. Hamid anamuuliza kama kinauzwa au hakiuzwi. Pesa sita, anajibu muuzaji, kisha anashuka hadi tano, unataka chukua, hutaki shika njia. Hamid anajikaza moyo na kusema: teen paise loge? Utachukua tatu?

Hayo ndiyo mazungumzo ya sokoni ambayo kila kitabu cha "lugha kwa mawasiliano" kinajaribu kuyatunga: bei gani, ghali, punguza, mwisho wangu huu. Yote yamo. Tofauti ni kwamba katika kitabu cha kiada anayeuliza bei ni "Mtu A", hana njaa wala bibi, na mwanafunzi hana sababu ya kujali kama atapunguziwa. Kwa Hamid darasa zima linashusha pumzi muuzaji anapokubali. Kitenzi loge kimebeba tum, na mwalimu anaweza kusimama hapo na kuuliza kwa nini mtoto mdogo hamwambii muuzaji aap. Ni ujasiri? Ni lugha ya kawaida ya soko? Swali moja kama hilo linafanya kazi ya kurasa nyingi za mazoezi. Kisha mwalimu anaweza kuiweka hadithi hiyohiyo kwa hati ya Kiurdu, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba lugha mbili ambazo mataifa mawili, India na Pakistan, yanazigombania zina sarufi moja.

Hoja yenye uzito iko kwingine: fasihi ya nani? Kitabu cha shule huchaguliwa na mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka ana anachotaka kisikike na anachotaka kinyamazwe. Mwaka 2022 vipande vya mashairi ya Faiz Ahmed Faiz, mshairi wa Kiurdu wa Pakistan, viliondolewa katika kitabu cha darasa la kumi cha baraza la taifa la mitaala la India. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Delhi kiliondoa kwenye mtaala wake wa shahada hadithi ya Mahasweta Devi pamoja na kazi za Bama na Sukirtharani, waandishi wawili wa Kitamil wanaotoka katika jamii za Dalit, yaani zile zilizohesabiwa kuwa za wasioguswa. Ukirudi nyuma zaidi, Barnaparichay ya Vidyasagar ya mwaka 1855, iliyowafundisha vizazi vya Wabengali kusoma, ina Gopal, mtoto mtiifu anayekula chochote anachopewa, na Rakhal, mtundu asiyependwa na mtu. Alfabeti imekuja na amri yake juu ya mtoto wa aina gani anatakiwa. Mzazi wa Kimarathi anayehofia kwamba kwa mlango wa Kihindi wataingia mashujaa wa watu wengine, dini ya watu wengine na dharau ya Delhi hana kichaa. Ninaikubali hofu hiyo. Ninachokataa ni dhana kwamba darasa lisilo na fasihi halina upande. Ukiondoa waandishi, anayebaki ni ofisa. Mwanafunzi atajifunza dhumrapan, neno zito la ubaoni la uvutaji sigara, na hatasikia jinsi mtu anavyomwomba mwenzake kiberiti. Sisi tunalijua jambo hili vizuri: ni watoto wangapi wa Kenya wameandika "tarakilishi" kwenye insha ya mtihani kisha wakatoka nje wakaenda kutumia kompyuta?

Kuna pingamizi jingine ambalo linaniuma zaidi, kwa sababu nimelipitia. Fasihi ikishaingia kwenye mtihani, mtihani huila. Huko India vibanda vya vitabu vimejaa kunji, neno lenye maana ya ufunguo, vijitabu vyenye muhtasari, dhamira na majibu tayari. Kwetu tunaviita miongozo. Tamthilia niliyotahiniwa sekondari niliimaliza kwenye mwongozo kabla ya kuifungua yenyewe; nilifaulu vizuri, na leo sikumbuki sentensi hata moja aliyoisema mhusika yeyote. Kwa hiyo nikisema fasihi ifundishwe sisemi iongezwe kwenye orodha ya vitu vya kukariri. Idgah yenyewe imo katika kitabu cha Kihindi cha darasa la kumi na moja, na ukimuuliza mwanafunzi dhamira zake tano atakutajia. Umechelewa miaka kumi na umemuuliza swali baya.

Wapo wanaosema pia kwamba simu sasa inatafsiri kila kitu. Inatafsiri kweli, lakini uchaguzi kati ya loge, ya tum, na lijiyega, ya aap, ni uhusiano kati ya watu wawili waliosimama sehemu fulani, na simu haijui muuzaji amemtazama vipi Hamid. Na hata tafsiri iliyo bora kabisa ina mipaka. Mei 2025, wiki tano hivi baada ya agizo la Maharashtra, Banu Mushtaq alishinda tuzo ya International Booker kwa hadithi zake za Kikannada zilizotafsiriwa na Deepa Bhasthi, miaka mitatu baada ya Geetanjali Shree kushinda kwa riwaya ya Kihindi. Watu walishangilia kama ushindi wa lugha za India. Nilifurahi, ila tuangalie kilichotokea: Mhindi wa Pune, Maharashtra, au wa Lucknow, Uttar Pradesh, aliyetaka kumsoma Mushtaq mara nyingi alimfikia kwa Kiingereza. Majimbo ya jirani yanasomana kupitia London.

Sasa turudi Maharashtra, kwa sababu jimbo hilohilo lina kisa ambacho sijasikia mwanasiasa wa upande wowote akikitaja. Valmiki, yule aliyepewa ufagio, alizaliwa katika jimbo la Uttar Pradesh na lugha yake ya kuandikia ni Kihindi. Ujana wake alipata kazi katika viwanda vya silaha vya serikali, na kazi ikampeleka Maharashtra, kwanza Ambernath karibu na Mumbai, baadaye Chandrapur. Huko akakutana na fasihi ya Dalit ya Kimarathi, iliyokuwa inawaka moto miaka ile: Namdeo Dhasal, ambaye mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dalit Panthers, vuguvugu la kutetea haki za Dalit, Baburao Bagul, Daya Pawar. Hakuna aliyemlazimisha kujifunza Kimarathi. Alijifunza kwa sababu kulikuwa na watu wanaosema kwa lugha hiyo jambo alilokuwa nalo kifuani tangu utoto na ambalo Kihindi alichokijua kilikuwa hakijalisema hivyo. Kisha akalisema kwa Kihindi, na Kihindi kikapanuka. Lugha ya jimbo ilimlea mwandishi wa lugha inayodaiwa kuwa mvamizi. Mtoto wa Nagpur, jimboni humo, akisomeshwa Joothan kwa Kihindi anasoma kitabu ambacho mizizi yake imepita kwenye lugha ya mama yake, na mtoto wa Lucknow akisomeshwa Dhasal, hata shairi moja tu kwa mwaka, ataijua Maharashtra kuliko atakavyoijua kwa hotuba kumi za umoja wa taifa. Tena hati ni moja, Devanagari. Mlango wa kusomana uko wazi tayari.

Jambo hili linavuka mipaka ya India. Leicester, Uingereza, imejaa familia za Wagujarati ambazo nyingi zilifika huko baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972. Mwaka 2015 bodi za mitihani za huko zilitangaza kuacha mtihani wa A-level wa Kigujarati, Kibengali na Kipanjabi, na zilirudi nyuma mwaka uliofuata baada ya kelele nyingi. Mtihani uliokolewa. Lakini mjukuu anayemwelewa bibi yake na kumjibu kwa Kiingereza hahitaji kufundishwa kuagiza chai. Anaijua chai tangu utoto. Anachokosa ni maneno ya mtu mzima: ya kubisha, ya kuomboleza, ya kukumbuka. Hayo yako kwenye hadithi na mashairi, na kwa watoto wa Kiismailia wa Dar es Salaam na Nairobi yako pia kwenye ginan zinazoimbwa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, tungo za dini za karne nyingi ambazo mtoto anazijua kwa sauti kabla ya kuzijua kwa maana. Mwalimu mwenye busara angeanzia hapo, kwenye kile ambacho ulimi umekwisha kukizoea.

Ningekuwa na nafasi ya kusikilizwa na wanaoitafakari upya sera ya Maharashtra, nisingewaomba wabadilishe idadi ya lugha wala darasa la kuanzia. Ningewaomba wabadilishe swali la mtihani. Mpe mtoto wa Pune ukurasa wa Hamid kwenye duka la vyuma, kwa Kihindi, usimuulize dhamira, mwambie Hamid amezaliwa mtaani kwenu na muuzaji ni mtu wa kwenu, na aulize bei kwa Kimarathi. Atalazimika kuchagua. Deshil, yaani utanipa, ni kwa mtu unayemwita tu, dyal, neno la maana hiyohiyo, ni kwa mtu unayemwita tumhi, kwa heshima, na Hamid ana miaka minne, ana pesa tatu mkononi, na muuzaji amekwisha mwambia hicho si kitu chake. Darasa litagawanyika, na mwalimu asiwahi kuwakatiza.